Kabla hujazima ulinzi: kusoma dalili za kompyuta ya mezani

Mwaka jana mama mmoja mwenye steshenari aliniita dukani kwake. Shikamoo, marahaba, halafu akaenda moja kwa moja kwenye shida: "Mwanangu, intaneti ipo, simu inafungua kila kitu, ila hii mashine inakataa. Kila tovuti inaniambia si salama." Nikamuuliza ameshafanya nini. Akasema fundi aliyepita alimfundisha kubonyeza maandishi madogo yaliyo chini ya onyo na kuingia kwa nguvu. Baadhi ya tovuti zilipoendelea kukataa, fundi akazima antivirusi, akazima ukuta wa moto (firewall, unaochuja kinachoingia kutoka mtandaoni), akachukua elfu kumi na tano yake akaondoka.

Nikatazama kona ya chini kulia ya kioo. Saa ilisoma tarehe 1 Januari 2013.

Dawa ilikuwa betri ya bei ya soda mbili. Lakini kwa wiki nzima ile mashine ilikuwa imekaa wazi, inafanya kazi za watu, inapokea flashi za watu, bila mlinzi yeyote. Ndiyo maana naandika haya. Kompyuta nyingi ninazozikuta zimeachwa wazi hazikufunguliwa na mwizi. Zilifunguliwa na mtu aliyekuwa anatengeneza kitu: kitu kikagoma, akazima ulinzi aone kama kitakubali, kikakubali au kisikubali, naye hakukumbuka kurudi kuwasha.

Maelekezo ni ya Windows 10 na Windows 11, maana ndizo ziko madukani na maofisini. Menyu zake huhamahama, kwa hiyo nitatumia zaidi kidirisha cha Run: bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika jina fupi, piga Enter. Nikisema dirisha la amri la msimamizi, andika cmd kwenye menyu ya Start kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. PowerShell, dirisha jingine la amri, nayo inafunguliwa vivyo hivyo.

"Kila tovuti inasema si salama"

Cheti cha tovuti, kinachothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine ikiamini tuko 2013, cheti kilichotolewa mwezi uliopita kwake bado hakijazaliwa, na kivinjari kinakikataa. Kwenye Chrome utaona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kivinjari hakijakosea hapo. Na mtu akizoea kuliruka onyo hili kila siku, siku akitua kwenye tovuti ya benki ya kughushi ataliruka pia, kwa kidole kilekile.

Kwanza angalia saa imekosea namna gani. Namna ziko tatu na kila moja ina chanzo chake.

Imerudi nyuma miaka: ni betri ya mazabodi, bodi kuu ya ndani. Ni kidonge cha CR2032, duara kama sarafu, volti 3. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, umeme kidogo unaendelea kuilinda saa hata ukiwa umeizima, kwa hiyo betri iliyokufa inaweza kujificha miezi mingi. Inaumbuka kwenye ofisi zinazozima swichi ya ukutani kila jioni, na sisi wengi ndivyo tunavyofanya. Kujipima ni rahisi. Weka saa sawa, zima, chomoa waya kwa nusu saa, washa tena. Saa ikirudi nyuma, nunua betri. Ukiwa na mita, betri mpya inasoma juu kidogo ya 3. Mimi ikishuka 2.8 naibadilisha bila mjadala. Mashine nyingine zinajisema zenyewe wakati wa kuwaka: HP za zamani hutoa namba 163, Dell hulalamika kwamba saa ya siku haijawekwa.

Imekosea kwa saa kamili, labda mbili, tatu au nane, na dakika ziko sahihi: ni ukanda wa saa. Mashine za mtumba huja na ukanda wa kule zilikotoka. Kwenye dirisha la amri la msimamizi:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"

Imekosea kwa saa sita kamili: hapo usilaumu mashine. Kijana mmoja wa mapokezi aliweka 3:00 kwa kuwa ilikuwa saa tatu asubuhi. Hakukosea Kiswahili, alikosea kompyuta. Kwa saa sita tovuti nyingi zitafunguka tu, lakini barua pepe zitajipanga ovyo, na kwenye ofisi yenye seva ya kuingilia watu watakataliwa neno la siri lililo sahihi, kwa sababu mfumo wa Kerberos, unaohakiki anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu.

Jambo moja linawapotosha hata mafundi. Ukijaribu kuvuta saa sahihi kutoka kwenye intaneti wakati mashine iko nyuma kwa miaka, mara nyingi inagoma. Huduma ya saa ya Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, hairekebishi tofauti inayozidi saa 15, inaona kama vile inadanganywa. Kwa hiyo weka kwanza tarehe kwa mkono kupitia timedate.cpl, ikaribie ukweli, halafu:

net start w32time
w32tm /resync

Kabla hujachomoa betri, fanya mambo mawili. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), piga picha kurasa zake zote kwa simu. Baadhi ya mashine zikikosa betri husahau mpangilio wa diski. Kwenye Dell kadhaa mpangilio hurudi kwenye RAID wakati Windows iliwekwa kwa AHCI (ni namna mbili za mashine kuongea na diski), na utakaribishwa na kioo cha bluu kilichoandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Usipige Windows upya! Rudisha AHCI kama picha inavyoonyesha, itawaka. La pili, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker:

manage-bde -status

Kama imefungwa, chapisha ufunguo wake kabla hujagusa bisibisi:

manage-bde -protectors -get C:

Ni tarakimu 48. Mashine ikishuku kwamba BIOS imebadilishwa itazidai zote, na aliyefungua akaunti ya Microsoft kwenye mashine hiyo huenda ni mpwa wa bosi ambaye sasa yuko chuoni mkoa mwingine. Nimekaa kwenye kiti nikimsubiri mpwa wa namna hiyo apokee simu.

Saa ikishakaa sawa, rudi ukawashe kilichozimwa. Ukuta wa moto unawashwa kwa mstari mmoja:

netsh advfirewall set allprofiles state on

"Folda zimegeuka shotikati"

Mteja analeta flashi. Folda zote zina mshale mdogo pembeni, kila moja ina KB 1 au 2, na ukizibofya zinafunguka kama kawaida. Ujanja wake ndio huo wa kufunguka. Zingekataa, ungeshtuka mapema.

Zamani virusi vya flashi vilitegemea faili linaloitwa autorun.inf: ukichomeka tu, Windows inatekeleza yenyewe. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 iliziba njia hiyo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft wakapeleka kinga hiyohiyo kwa XP na Vista kupitia masasisho. Waandishi wa virusi wakahamia kwenye kitu ambacho hakuna sasisho linaloweza kukiziba, yaani kidole chako. Kirusi kinazificha folda zako halisi kwa kuzipa sifa za faili la mfumo, kisha kinaweka shotikati yenye jina lilelile. Bofya kulia kwenye mojawapo, chagua Properties, soma kisanduku cha Target. Utaona kinaanza na cmd.exe, katikati kuna wscript.exe (inayoendesha skripti) na jina la faili la ajabuajabu, mwishoni kuna explorer na jina la folda yako. Kwa bofyo moja umekiwasha kirusi na umefunguliwa picha za harusi.

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kuformati flashi. Kazi za mteja zilikuwemo humo, nzima, zimefichwa tu. Kosa la pili ni kuisafisha flashi na kuiacha mashine. Ukiichomeka tena, ndani ya sekunde chache shotikati zimerudi. Anza na mashine.

Toa flashi zote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye orodha ya Details, tafuta wscript.exe na uizime. Kisha tafuta mahali inapojianzishia kila mashine ikiwaka. Andika shell:startup kwenye Run na ufute usichokitambua humo, pitia orodha ya Startup kwenye hiyohiyo Task Manager, halafu taskschd.msc, ambako wengi hawaangalii na ndiko vinakopenda kulala. Baada ya hapo fungua Windows Security, sehemu ya virusi, chagua ukaguzi unaoitwa Microsoft Defender Offline. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi. Kirusi kinachojificha Windows ikiwa macho hakina pa kujificha ikiwa imelala.

Sasa rudisha flashi. Kama imepewa herufi E, dirisha la amri:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Mstari wa kwanza unazifunua folda halisi, wa pili unafuta shotikati. Faili la .vbs au .js usilolijua, lifute kwa mkono. Hakikisha herufi mara mbili kabla ya Enter. Amri ya kwanza ukiielekeza C utajutia.

Kinga mojawapo ni kuonyesha mwisho wa majina ya mafaili, kama .pdf au .exe. Windows inakuja ikiwa imeuficha, na sijui kwa nini mpaka leo wanauacha hivyo. Andika control folders kwenye Run, nenda View, uondoe tiki kwenye Hide extensions for known file types. Bila hivyo faili linaloitwa Ankara.pdf.exe litaonekana kwa karani kama Ankara.pdf, naye atalibofya kwa nia njema kabisa. Na kama duka halina programu yoyote inayotumia skripti za .vbs, zizime kabisa:

reg add "HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Amri ya slmgr ya kuangalia leseni nayo itagoma ukifanya hivi. Badilisha 0 iwe 1 unapoihitaji, kisha irudishe.

Nikiri pia. Flashi yangu mwenyewe ya kazi iliwahi kuwaambukiza wateja watatu kwa siku moja. Mteja wa nne ndiye aliyeniambia, "Fundi, mbona folda zako zina mishale?"

"Antivirusi haiwaki, inasema inasimamiwa na mtu mwingine"

Unafungua Windows Security, unakuta kitufe kimepauka na maandishi yanayosema mpangilio unasimamiwa na msimamizi au shirika lako. Kama kweli uko kwenye ofisi yenye watu wa TEHAMA, waulize, usiguse. Kama ni mashine ya dukani na shirika lenyewe ni wewe na mdogo wako, vyanzo ni vitatu.

Cha kawaida kabisa ni antivirusi ya majaribio iliyokuja na mashine au na CD ya dukani. Ilipoingia, Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ilijiondoa kuipisha, na majaribio yalipoisha hakukubaki hata moja inayofanya kazi ipasavyo. Andika appwiz.cpl, iondoe, washa mashine upya. Defender hurudi yenyewe. Ukiwa na antivirusi mbili kwa wakati mmoja nazo zitagombana na mashine itatambaa.

Cha pili ni ufunguo wa sera uliochomekwa kwenye rejista, daftari la mipangilio ya Windows. Kwenye dirisha la amri la msimamizi:

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender" /f

Washa upya, angalia kitufe.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima: alama ya kijani, masasisho ya leo, na virusi vinatembea. Kinatokana na Windows iliyochakachuliwa. Programu za kuchakachua leseni haziwezi kuishi Defender ikiwa macho, kwa hiyo wanaoziweka huiambia Defender isikague folda fulani, na wavivu zaidi huiambia isikague diski nzima ya C. Fungua PowerShell ya msimamizi:

Get-MpPreference | Select-Object -ExpandProperty ExclusionPath

Isipoleta kitu, vizuri. Ikileta C:\ yenyewe, basi mlinzi wako anavaa sare na kukaa kitini amefumba macho. Mwamshe:

Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"

Kisha kagua mashine nzima. Ilinichukua muda kuamini kwamba ile mashine ya mama wa steshenari, baada ya betri mpya na ukuta wa moto kurudi, bado ilikuwa na msamaha huu wa C nzima.

Kinachoniuma ni kwamba kuchakachua kwenyewe mara nyingi hakuhitajiki. Kompyuta nyingi za mtumba za kampuni kubwa zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya BIOS. PowerShell itakuonyesha:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Herufi zikitokea, mashine ina leseni yake. Piga Windows safi ya aina ileile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, iunganishe na intaneti, nayo kwa kawaida itajitambua yenyewe.

"Pembeni panatokea kwamba nina virusi vitano"

Kadi ndogo zinazotokea kona ya chini kulia zikisema mashine ina virusi, au umeshinda simu, kwa kawaida si virusi. Ni tovuti ambayo mtu aliiruhusu kutuma taarifa, labda siku ya kutazama mpira bure. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications sehemu ya anwani na ufute usizozijua. Dakika moja imekwisha.

Kama tovuti hazifunguki kabisa huku simu kwenye mtandao huohuo inafungua, angalia inetcpl.cpl, Connections, LAN settings. Anwani ya 127.0.0.1 iliyobaki kwenye kisanduku cha proksi ni mabaki ya VPN ya bure au ya kitu kibaya zaidi. Ondoa tiki.

"Bando linaisha kabla ya saa sita mchana"

Andika ms-settings:datausage kwenye Run. Orodha itakuambia nani anakula. Mara nyingi ni masasisho ya Windows, na mara nyingi fundi ataizima huduma ya masasisho kwenye services.msc asisikie tena malalamiko. Bando linapona, mashine inazeeka.

Njia iliyo sawa ni kuutambulisha mtandao wa simu au modemu kuwa wa kulipia kwa kiasi: fungua mtandao huo kwenye Settings uwashe Metered connection. Masasisho makubwa hayatajipakua yenyewe. Lakini hapo umejipa kazi, kwa sababu sasa ni juu yako kuyapakua. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu ikiwa ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira ya Marekani. Mimi huwapa siku kadhaa, wengine wakianguka waanguke kwanza, kisha wikiendi nanunua bando la usiku na kuziacha mashine zipakue. Penye mashine kadhaa, andika ms-settings:delivery-optimization na uruhusu kugawana na kompyuta za mtandao wa ndani pekee. Moja ikishapakua, nyingine zinaweza kuchota kwake badala ya kila moja kwenda sokoni.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zenye Core i5 za kizazi cha 3, 4 hata cha 6 hazikidhi masharti rasmi ya Windows 11. Microsoft wana mpango wa muda wa masasisho ya ziada kwa Windows 10. Jiunge nao, na mashine hiyo usiitumie kwa mambo ya benki baada ya muda huo kuisha.

"Inajizima na kujiwasha"

Hapa watu hukimbilia sfc /scannow, ambayo imekuwa Panadol ya mafundi. Haiumizi, na inasaidia faili za Windows zikiwa zimeharibika, lakini haitibu usambazaji wa umeme uliochoka.

Kwanza izuie mashine isikimbie na ushahidi. Andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, ondoa tiki ya Automatically restart. Sasa kioo cha bluu kitasimama ukisome. Kisha perfmon /rel, inayochora siku kwa siku nini kilianguka na nini kiliwekwa. Mara nyingi utaona alama nyekundu zikianza siku ileile ambayo programu fulani iliwekwa, na kesi imeisha.

Isipoisha, eventvwr, Windows Logs, System. Tafuta Kernel-Power namba 41. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Fungua Details usome BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika: umeme ulikatika, mashine iliganda, joto lilizidi au pawasaplai inakufa. Fungua boksi, puliza vumbi, angalia feni inazunguka, jaribu pawasaplai nyingine, jaribu soketi isiyo na jokofu. Ikiwa ni namba nyingine, kilikuwa kioo cha bluu. Shuku RAM na draiva. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha, kisha andika mdsched uiache ijipime.

Ukikuta kwenye orodha hiyo chanzo kinachoitwa disk chenye namba 7, acha kila kitu. Diski ina sehemu mbovu. Nakili kazi za mteja kwanza, kabla ya chkdsk, kabla ya skani, kabla ya chai. Diski inayokufa ukiilazimisha kujikagua usiku kucha unaweza kuikuta imeshakwenda asubuhi.

"Programu ya hesabu haifunguki bila admini"

Duka linatumia programu ya zamani ya stoo. Karani akiifungua kwa akaunti ya kawaida inagoma, kwa hiyo wanampa karani uadmini wa mashine nzima. Sasa kila kitu anachokibofya karani, pamoja na ile Ankara.pdf.exe, kina funguo za nyumba yote.

Programu za namna hii kwa kawaida zinataka kitu kimoja tu: kuandika ndani ya folda yao. Wape hicho kimoja. Tuseme iko C:\Stoo, kwenye dirisha la amri la msimamizi:

icacls C:\Stoo /grant Users:(OI)(CI)M

Kisha angalia nani ni admini:

net localgroup Administrators

Tengeneza akaunti ya kazi ya kila siku kwa net user karani * /add, itakuuliza neno la siri. Usiishushe akaunti ya admini uliyonayo kabla hujahakikisha kuna nyingine ya admini inayofunguka na neno lake la siri unalijua. Nimeshaitwa Jumapili kwa ajili ya hilo.

"Mashine ya kudurufu haipeleki skani kwenye kompyuta"

Mashine kubwa za kudurufu za zamani hutuma skani kwenye folda ya pamoja kwa lugha ya zamani iitwayo SMB1. Windows za sasa zinaikataa. Microsoft walianza kuiacha nje ya Windows 10 mwaka 2017. Fundi anafungua optionalfeatures, anaweka tiki kwenye SMB1, skani inafika, kila mtu anafurahi.

Ndiyo lugha ambayo kirusi cha WannaCry kiliitumia tarehe 12 Mei 2017 kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote, kikafunga mafaili na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikiwa miongoni mwa waliolia. Sasisho la kuziba tundu lilikuwa limeshatoka Machi, miezi miwili kabla. Angalia kama kwako imewashwa, na uizime, kwa PowerShell ya msimamizi:

Get-SmbServerConfiguration | Select-Object EnableSMB1Protocol
Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol

Halafu tafuta njia nyingine ya skani. Baadhi ya mashine hizo zina sasisho la mtengenezaji linalozifundisha lugha mpya, nyingine zinaweza kutuma kwa barua pepe, na karibu zote zenye tundu la USB zinahifadhi kwenye flashi. Kwenye ofisi moja niliipanga hivyo, kwenye flashi isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote. Karani analalamika kwamba sasa anatembea hatua sita kila skani. Atembee.